Theoremu na Ukimya wa Ushahidi: Historia ya Athari ya Jahn na Teller, 1934–1987

Ikisiri

Insha hii inachunguza historia ya athari ya Jahn na Teller, yaani kupotoka kwa umbo la molekuli kunakotokana na kuathiriana kwa elektroni na mitetemo ya viini vya atomu. Kipindi kinachoangaliwa kinaanzia mjadala uliofanyika Copenhagen mwaka 1934 na kuishia katika Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 1987. Swali linaloongoza insha ni uhusiano uliokuwapo kati ya theoremu iliyothibitishwa mwaka 1937 na ushahidi wa maabara, ambao kwa zaidi ya miaka kumi haukupatikana kwa namna iliyo wazi. Hoja inayojengwa ni kwamba ukimya huo wa ushahidi ulisababishwa na tabia ya athari yenyewe pamoja na mipaka ya vyombo vya wakati ule, hivyo haukuwa dalili ya udhaifu wa theoremu. Kwa upande mwingine, insha inaonesha kwamba ugunduzi mkubwa wa mwaka 1986, ulioongozwa na wazo la athari hiyo, haukulithibitisha wazo hilo.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa kemia hufundishwa mapema kwamba kila molekuli ina umbo lake: molekuli ya maji imepinda, ya dioksidi ya kaboni imenyooka, na ya methani ina ncha nne zilizopangika sawasawa kuzunguka atomu ya kaboni. Maumbo hayo huchorwa ubaoni kana kwamba ni majengo yaliyokwisha kusimama. Nyuma ya michoro hiyo iko dhana iliyowekwa wazi mwaka 1927 na Max Born na Robert Oppenheimer. Kiini chepesi kuliko vyote, ambacho ni protoni moja, kina masi ya takriban mara 1836 ya masi ya elektroni. Kwa sababu hiyo viini husogea polepole, na elektroni huwahi kujipanga upya kila viini vinapobadili mahali. Mtaalamu anaweza basi kuvichukulia viini kama vimetulia, akakokotoa nishati ya elektroni, kisha akarudia hesabu hiyo kwa mpangilio mwingine wa viini. Mpangilio wenye nishati ndogo kuliko mingine iliyo jirani nao ndio unaoitwa umbo la molekuli.

Dhana hiyo ina sharti moja: hali ya elektroni inayochunguzwa lazima iwe mbali kinishati na hali nyingine. Ikiwa hali mbili au zaidi zina nishati iliyo sawa kabisa, msogeo mdogo wa viini unaweza kuzichanganya, na mwendo wa elektroni hauwezi tena kutenganishwa na mtetemo wa viini. Historia inayosimuliwa hapa ni historia ya yale yaliyotokea baada ya wanafizikia kulitazama sharti hilo kwa makini.

Istilahi mbili zinahitaji ufafanuzi. "Usawa wa nishati" unatumika hapa kwa maana ya hali mbili au zaidi za elektroni kuwa na nishati moja kwa sababu ya ulinganifu wa molekuli. "Mpotoko" ni kitendo cha molekuli kuacha umbo la ulinganifu mkubwa na kuchukua umbo la ulinganifu mdogo zaidi. Neno hili halina maana ya kasoro. Kama itakavyoonekana, katika hali zinazohusika umbo kamilifu ndilo lisiloweza kutulia.

2.0 Mjadala wa Copenhagen, 1934

Edward Teller, mwanafizikia wa Hungaria aliyepata shahada ya uzamivu Leipzig chini ya Werner Heisenberg, alikuwa akifanya kazi Göttingen hadi utawala wa Kinazi ulipowafanya wanasayansi wengi wa Kiyahudi, yeye akiwa mmojawao, waondoke Ujerumani. Mwaka 1934 alikuwa katika taasisi ya Niels Bohr huko Copenhagen, ambako alikutana na Lev Landau kutoka Umoja wa Kisovieti. Teller alimweleza Landau kazi ya mwanafunzi wake, Rudolf Renner, iliyohusu hali za dioksidi ya kaboni ambamo elektroni zina usawa wa nishati wakati molekuli imenyooka.

Landau aliipinga kazi hiyo. Kwa maoni yake, molekuli yenye usawa wa nishati unaotegemea ulinganifu haiwezi kuudumisha ulinganifu huo, kwani elektroni zenyewe zitavisukuma viini hadi ulinganifu uvunjike na usawa wa nishati utoweke. Teller alimjibu kwamba molekuli iliyonyooka haiingii katika hoja hiyo, na baada ya majadiliano Landau alikubali. Tokeo la mjadala huo lina sura ya kipekee. Aliyeshindwa katika mfano uliokuwa mezani ndiye aliyekuwa ameitamka kanuni ya jumla, na aliyeshinda aliondoka akiwa na swali: je, kuna molekuli nyingine zinazoepuka hoja ya Landau, au zilizonyooka ni za pekee?

Chanzo kikuu cha habari hizi ni kumbukumbu fupi ya Teller mwenyewe, iliyochapishwa mwaka 1972 katika kitabu cha Robert Englman kuhusu athari hii. Kumbukumbu hiyo iliandikwa miaka 38 baada ya tukio, na kwa kawaida ushahidi wa namna hiyo hupokewa kwa tahadhari, hasa pale msimulizi anapokuwa mhusika. Hata hivyo, mambo mawili yanaipa uzito. Kwanza, makala ya Renner ya mwaka 1934 ipo, na inashughulikia suala lilelile linalotajwa. Pili, Teller anajipunguzia sifa badala ya kujiongezea: anasema kwamba athari hiyo ilistahili kuitwa kwa jina la Landau, na kwamba kazi yake na Jahn ilikuwa ya kulima tu shamba ambalo mwingine alikwisha kulionesha. Msimulizi anayejitukuza hasemi hivyo.

3.0 Uthibitisho wa mwaka 1937

Kutoka Copenhagen Teller alikwenda London, na huko alizungumza na Hermann Arthur Jahn, Mwingereza aliyekuwa amesomea Leipzig na aliyefanya kazi katika Maabara ya Davy-Faraday ya Royal Institution. Mwaka 1935 Teller alihamia Washington, lakini ushirikiano wao uliendelea, na mwaka 1937 makala yao ilichapishwa katika kumbukumbu za Royal Society. Makala ilihusu uthabiti wa molekuli zenye atomu nyingi katika hali zenye usawa wa nishati wa elektroni.

Kiini cha hoja yao kinaweza kuelezwa bila milinganyo. Tuchukue molekuli yenye ulinganifu mkubwa na hali mbili za elektroni zenye nishati moja. Viini vikisogezwa kidogo kwa namna inayovunja ulinganifu, hali moja hupanda kinishati na nyingine hushuka, na mshuko huo hulingana moja kwa moja na umbali wa msogeo. Wakati huohuo vifungo vya molekuli hupinga msogeo kama springi inavyopinga kuvutwa, lakini gharama ya upinzani huo hulingana na kipeo cha pili cha umbali. Msogeo unapokuwa mdogo sana, kipeo chake cha pili huwa kidogo zaidi ya msogeo wenyewe. Kwa hiyo faida huitangulia gharama, na umbo la ulinganifu haliwezi kuwa mahali pa kutulia.

Hoja hiyo inahitaji jambo moja: katika kila aina ya ulinganifu lazima uwepo mtetemo mmoja angalau unaoweza kuzitenganisha hali hizo kwa njia ya moja kwa moja. Jahn na Teller walilithibitisha hilo kwa kutumia nadharia ya makundi, wakipitia aina moja ya ulinganifu baada ya nyingine. Kila walikopita, mtetemo wa namna hiyo ulikuwapo, isipokuwa katika molekuli zilizonyooka. Katika hizo, kupinda upande mmoja ni sawa na kupinda upande wa pili, kwa hiyo badiliko la kwanza la nishati ni sifuri, na faida ya elektroni nayo huanzia katika kipeo cha pili. Faida na gharama zikiwa za daraja moja, hakuna ulazima wa ulinganifu kuvunjika. Teller alikuwa sahihi kuhusu dioksidi ya kaboni, na Landau alikuwa sahihi kuhusu karibu kila kitu kingine. Mwaka 1938 Jahn peke yake alichapisha sehemu ya pili, iliyoshughulikia usawa wa nishati unaotokana na spini ya elektroni. Humo ulibaki uwili ambao Hendrik Kramers alikuwa ameuonesha mwaka 1930 kwa mifumo yenye idadi witiri ya elektroni, na ambao mpotoko wowote wa umbo hauwezi kuuondoa.

Njia ya kupitia aina zote moja baada ya nyingine ilitosha kuthibitisha, lakini haikueleza kwa nini matokeo yawe hayo kila mara. Teller mwenyewe alikiri katika kumbukumbu ya 1972 kwamba huo haukuwa uthibitisho wa kumfurahisha mwanahisabati. Uthibitisho wa jumla zaidi ulitolewa na Ruch na Schönhofer mwaka 1965.

La muhimu zaidi kwa insha hii ni yale ambayo theoremu haikuyasema. Ilikanusha jambo moja tu, kwamba umbo la ulinganifu lenye usawa wa nishati linaweza kutulia. Haikutaja ukubwa wa mpotoko, wala upande ambao molekuli ingeelekea. Aidha, haikueleza kama molekuli ingebaki katika umbo moja lililopotoka au ingeendelea kuhama kutoka umbo moja hadi jingine. Katika mapengo hayo ndimo ukimya wa miaka iliyofuata ulimojificha.

4.0 Ukimya wa ushahidi, 1937–1950

Miongoni mwa wa mwanzo kuipeleka theoremu hiyo kwenye vitu vinavyopimika alikuwa John Van Vleck wa Chuo Kikuu cha Harvard. Katika makala ya mwaka 1939 alikokotoa athari hiyo kwa ioni za metali zilizozungukwa na molekuli sita za maji, kama zile zinazopatikana katika fuwele za alumu. Kichwa cha makala yake kilitaja "athari ya Jahn na Teller". Kwa kufanya hivyo, kanuni iliyokuwa ya hisabati ilianza kutazamwa kama tukio la kimaumbile, lenye ukubwa unaoweza kukadiriwa na kutafutwa.

Hata hivyo, waliotafuta hawakupata mpotoko ulioweza kuhusishwa na theoremu hiyo bila shaka. Fuwele nyingi zina mpotoko kwa sababu nyingine, kama vile msukumo wa majirani wasiolingana. Mfano mzuri ni salfati ya shaba, fuwele ya buluu inayojulikana katika kila maabara ya shule, ambayo muundo wake ulichambuliwa na Beevers na Lipson mwaka 1934. Kila ioni ya shaba humo imezungukwa na majirani sita, wanne wa karibu na wawili wa mbali zaidi. Lakini wale wanne ni molekuli za maji, na wawili ni oksijeni za salfati. Umbo limepotoka, ila mchunguzi hawezi kusema kwa yakini kwamba elektroni ndizo zilizolipotosha, kwa kuwa majirani wenyewe hawafanani.

Mwanahistoria anaweza kushawishika kukiita kipindi hicho kipindi cha mashaka au cha kupuuzwa. Maelezo hayo hayatoshi. Kilichokosekana kilikuwa chombo kinachoweza kuitazama ioni moja na majirani zake bila kuchanganya hali yake na ya fuwele nzima. Chombo hicho kilipatikana kwa njia ya vita. Utafiti wa rada uliwapa wanafizikia mawimbi mafupi ya redio yenye mizunguko mabilioni kwa sekunde. Mwaka 1944 Yevgeny Zavoisky alionesha huko Kazan kwamba elektroni zisizo na mwenzi, zikiwa ndani ya uga wa sumaku, hufyonza mawimbi ya redio kwa masafa maalumu. Brebis Bleaney, aliyekuwa ametengeneza vyanzo vya mawimbi ya rada katika Maabara ya Clarendon mjini Oxford wakati wa vita, aliigeuza kazi hiyo kuwa uchunguzi wa fuwele.

5.0 Fuwele ya shaba, 1950–1952

Ioni ya shaba yenye chaji mbili chanya ina elektroni tisa katika tabaka linaloweza kubeba kumi. Ikizungukwa na majirani sita walio sawa, nafasi moja iliyo wazi inaweza kukaa katika mojawapo ya hali mbili zenye nishati moja. Kwa mujibu wa theoremu, hali hiyo haiwezi kudumu. Tofauti na salfati, fuwele ya fluosilikati ya shaba inaizungushia ioni molekuli sita za maji zilizo katika mazingira yanayofanana. Fuwele hiyo ndiyo waliyoipima Bleaney na Ingram mwaka 1950.

Matokeo yalishangaza. Katika kelvini 90 ioni ilionekana karibu sawa kutoka kila upande, kana kwamba hapakuwa na mpotoko wowote. Msomaji wa haraka angesema theoremu imekanushwa. Anatole Abragam na Maurice Pryce, waliokuwa pia Oxford, walitoa tafsiri nyingine mwaka huohuo. Ioni inaweza kurefuka kuelekea upande wowote kati ya pande tatu zilizo sawa, na ikiwa inahama kutoka umbo moja hadi jingine kwa kasi inayozidi ile ambayo kipimo kinaweza kuifuata, chombo kitasoma wastani wa maumbo matatu. Wastani huo una ulinganifu wote ambao kila umbo kwa nafsi yake limeupoteza.

Tafsiri hiyo ilitoa utabiri unaoweza kupimwa: joto likishushwa vya kutosha, mhamo utapungua na maumbo matatu yataonekana moja moja. Mwaka 1952 Bleaney na Bowers waliripoti kwamba katika joto la chini sana alama za ioni ziligawanyika na kutofautiana kulingana na upande wa uga wa sumaku, kama ioni zilizorefuka kwa pande tatu tofauti zinavyotarajiwa kuonekana. Fuwele ni ileile. Kilichobadilika ni uwiano kati ya kasi ya mhamo na kasi ya kipimo.

Hapa ndipo hoja ya insha hii inaposimama. Usawa ulioonekana katika kelvini 90, uliofanana na kukosekana kwa athari, ulikuwa mojawapo ya sura za athari yenyewe. Kutoonekana kwa mpotoko hakuwezi kuhesabiwa kuwa ushahidi wa kutokuwapo kwake mpaka ijulikane kwanza chombo kilitazama kwa muda gani. Somo hili linavuka mipaka ya kemia: kila kipimo kina muda wake, na swali "umbo ni lipi?" halikamiliki bila swali "kwa muda gani?"

6.0 Kutoka kukanusha hadi kueleza, 1957–1958

Baada ya ushahidi kupatikana, kazi iliyobaki ilikuwa kuieleza athari kwa ukamilifu. Mwaka 1957 Jack Dunitz na Leslie Orgel walionesha kwamba upotokaji wa fuwele nyingi za oksidi unaeleweka ukitazamwa kwa idadi ya elektroni za ioni za metali zilizomo. Miongoni mwa mifano iliyoeleweka hivyo ni hausmaniti, oksidi ya manganizi ambayo fuwele yake imerefuka upande mmoja na hurudi kuwa na pande sawa inapopashwa joto la zaidi ya nyuzi 1100 za Selsiasi. Katika fluoridi ya shaba, ambamo majirani wote sita ni wa aina moja, wanne wako umbali wa takriban angstromu 1.93 na wawili takriban 2.27. Pingamizi lililoikabili salfati ya shaba halikuwa na nguvu hapa.

Mwaka 1958 Christopher Longuet-Higgins, Öpik, Pryce na Sack walichapisha uchambuzi wa mwendo wenyewe. Nishati ya mfumo wa namna hii ina sura ya kitako cha chupa kilichoinuka katikati. Umbo la ulinganifu liko juu ya kilele, na pembeni yake uko mfereji wa duara ambamo molekuli inaweza kuzunguka ikibadilisha umbo bila kupoteza wala kupata nishati. Katika ioni halisi, mfereji huo una vishimo vitatu, na hivyo ndivyo yale maumbo matatu ya ioni ya shaba. Walionesha pia kwamba viini vinapokamilisha mzunguko mmoja wa mfereji, wimbi la elektroni hurudi likiwa na alama kinyume, na ni lazima mwendo wa viini ulipe tofauti hiyo. Jambo hilo, lililoonekana kuwa dogo, lilikuja kutambuliwa kuwa mfano wa kanuni pana baada ya Michael Berry kuchapisha nadharia ya fezi ya kijiometria mwaka 1984.

7.0 Zürich, 1986

Awamu ya mwisho inaligeuza swali la ushahidi. Katika miaka ya 1980 Karl Alexander Müller na Johannes Georg Bednorz, katika maabara ya IBM iliyoko Rüschlikon karibu na Zürich, walikuwa wakitafuta vitu vinavyopitisha umeme bila ukinzani wowote katika joto la juu kuliko lililojulikana. Rekodi ya wakati huo, iliyowekwa mwaka 1973 kwa mchanganyiko wa niobi na jermani, ilikuwa takriban kelvini 23. Kama walivyoeleza katika mhadhara wao wa Nobel, waliongozwa na wazo kwamba elektroni inayoandamana na mpotoko wa Jahn na Teller ndani ya fuwele ingeweza kuzifunga elektroni pamoja kwa nguvu zaidi. Walianza na oksidi za nikeli, kisha wakahamia kwenye oksidi za shaba, ioni ileile iliyokuwa imevunja ukimya Oxford. Mwaka 1986 waliripoti kwamba ukinzani wa oksidi ya lanthani, bari na shaba ulianza kuporomoka katika kelvini 30 na ushei. Mwaka uliofuata walipewa Tuzo ya Nobel.

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba theoremu ya 1937 ilipata hapo taji lake. Hitimisho hilo halikubaliki. Wataalamu bado hawajaafikiana kuhusu kinachozifunga elektroni katika oksidi za shaba, na maelezo mengi yanayotolewa yanategemea mwelekeano wa spini badala ya mitetemo. Wazo la Müller na Bednorz liliwaongoza mahali penye hazina. Kuipata hazina hakuthibitishi kwamba ramani ilichorwa kwa usahihi. Jambo hili ni sura ya pili ya yale yaliyotokea Oxford. Huko, athari ilikuwapo ingawa kipimo hakikuionesha. Zürich, kipimo kilionesha jambo kubwa, lakini nafasi ya athari ndani yake ingali mjadala.

8.0 Hitimisho

Insha imefuatilia safari ya kanuni iliyoanza kama pingamizi la Landau, ikathibitishwa na Jahn na Teller kwa kuhesabu aina za ulinganifu, ikakaa zaidi ya miaka kumi bila ushahidi wa wazi, ikathibitika katika fuwele ya shaba, na hatimaye ikaongoza utafutaji ulioleta ugunduzi mkubwa. Katika safari hiyo, uhusiano wa nadharia na ushahidi haukuwa wa njia moja. Theoremu ilikuwa kweli wakati maabara zilikuwa kimya, na mafanikio ya maabara hayakutosha kuifanya tafsiri moja ya theoremu hiyo kuwa kweli.

Kwa watafiti wanaoandika historia ya sayansi kwa Kiswahili, mfano huu unapendekeza utaratibu wa kazi. Tarehe ya kuchapishwa kwa kanuni na tarehe ya kuonekana kwa ushahidi wake ziandikwe kama matukio mawili, na nafasi iliyo kati yake ichunguzwe kwa kuuliza ni vyombo gani vilikuwapo, vilipima kwa muda gani, na ni vitu gani vilivyofaa kupimwa. Bila maswali hayo, miaka kati ya 1937 na 1950 ingesomwa kama pengo tupu, ilhali ndiyo miaka ambayo chombo cha kuuvunja ukimya kilikuwa kikitengenezwa.